Mzee Vibanio, Aliyeomba Zawadi ya Beki wa Kushoto

Ijumaa hii, tarehe 30 mwezi wa sita, saa kumi jioni, mtunza vifaa wa klabu yetu atakabidhi funguo za stoo na kustaafu rasmi. Ametumikia miaka thelathini na mmoja, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo katibu ameshindwa kuzipata kwenye faili. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wenyeviti wanne na makocha ishirini na watatu. Kombe lililoingia kabatini katika kipindi hicho ni moja, nalo ni la nidhamu.

Jina lake kamili lipo kwenye cheti atakachopewa, lakini ukimtafuta kwa jina hilo hapa uwanjani utazunguka mpaka uchoke. Kuanzia mwenyekiti hadi mkata nyasi, sote tunamwita Mzee Vibanio, kwa sababu mara nyingi utamkuta na vibanio viwili vya nguo vimebanwa midomoni na vingine vimepangwa kwenye ukosi wa shati. Mimi ni mkata tiketi wa dirisha la lango kuu. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na kwa umri na kwa heshima ni kaka yangu. Mwenyekiti aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu aliniambia niandike ukweli mtupu, na aliyasema hayo mbele ya mashahidi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea hotelini alikokuwa akifua mashuka. Siku ya kwanza alikabidhiwa jezi kumi na nne, mabeseni mawili na mpira mmoja uliokuwa ukivuja upepo. Mashine ya kufulia ilikuja miaka tisa baadaye, ikafanya kazi msimu mmoja na nusu, na tangu hapo imekuwa meza yake ya kunywea chai. Pamoja na hayo, timu yetu haijawahi hata siku moja kuingia uwanjani na jezi chafu. Tumeingia bila mpango, tumeingia bila kiungo mkabaji, na mara moja tuliingia bila kocha, lakini jezi zilikuwa zinang'aa. Wapinzani wetu wenyewe hukiri kwamba kwenye picha ya kabla ya mechi tunapendeza.

Wengine humjua mchezaji kwa sura au kwa mbio zake. Mzee Vibanio humjua kwa vitu vyake. Akishika kiatu anakuambia mwenye kiatu anakanyagia wapi. Akishika soksi anajua nani ameanza kuchechemea na hataki kocha ajue. Ndiye aliyegundua, miaka kumi na miwili iliyopita, kwamba kamati ya usajili ilikuwa imemsajili mtu mmoja mara mbili. Bwana yule tulimwacha kwa sababu ya uzito, akakaa misimu miwili huko alikokwenda, akafuga ndevu, akarudi na barua iliyomwita kipaji kipya. Kamati nzima ilimpokea kwa makofi. Mzee Vibanio alimletea viatu vya kujaribu, akatazama jinsi mguu wa kushoto ulivyokuwa mkubwa kuliko wa kulia, akamwambia kwa upole, "Karibu tena."

Wakongwe wa hapa hawatausahau msimu wa namba tisa. Kamati ya wakati huo ilikuwa na wajumbe watatu, na kila mjumbe alileta mshambuliaji wake. Kila mshambuliaji alikuwa ameahidiwa kuvaa jezi namba tisa, na hakuna mjumbe aliyewaambia wenzake. Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza wote watatu walifika stoo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka jezi yake. Mzee Vibanio hakutaka kumwaibisha mtu. Kila aliyekuja alimjibu kwamba namba tisa ipo kwenye kamba, haijakauka. Jezi hiyo ilikaa kwenye kamba wiki tatu, katikati ya kiangazi, na kwa wiki tatu tukacheza bila namba tisa. Tulishinda mechi mbili. Ndio ushindi mfululizo wa mwisho ninaoukumbuka, na mngedhani kamati ingejifunza kitu, lakini mwezi uliofuata ikaleta mshambuliaji wa nne.

Lakini kilichomfanya ajulikane mtaa mzima ni kamba yake ya Jumatatu. Yadi ya kuanikia iko nyuma ya jukwaa kuu, na kati yake na barabara kuna uzio wa wavu tu. Kila Jumatatu asubuhi huanika jezi kwa mpangilio wa namba, moja hadi ishirini na tano, migongo ikitazama barabarani. Mashabiki wanaokwenda kazini walianza kusimama hapo na kuziambia jezi yaliyowakaa rohoni. Hakuna aliyelipanga jambo hili. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye hakupata usingizi baada ya kipigo cha mabao manne, alisimama mbele ya jezi namba nne akaiuliza, "Jana kule kwenye kona ulikuwa unatafuta nini? Ulidondosha funguo?" Mzee Vibanio akatoa vibanio mdomoni, akamjibu kwamba ujumbe utafika. Na kweli Jumanne, akimpa beki huyo bukta ya mazoezi, alimfikishia swali la funguo neno kwa neno.

Tangu hapo foleni haikukatika. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara ana ugomvi na namba kumi ambao umewapitia wachezaji sita waliovaa jezi hiyo, na kila mmoja ameurithi bila kujua. Kuna bibi mmoja aliyestaafu posta ambaye huja na kigoda chake kabisa. Masharti ni matatu: jezi haiguswi, mama wa mchezaji hatajwi, na mwenye kuchelewa kazini hupishwa mbele. Nimewaona wanaume wazima wakifika hapo wamekunja nyuso, wakasema na jezi dakika mbili, wakaondoka wakicheka. Nimewaona pia wachezaji wakimkwepa Mzee Vibanio siku ya Jumanne kuliko wanavyomkwepa kocha.

Namba tatu peke yake haikugombezwa. Hiyo ni jezi ya beki wa kushoto, na kwa misimu mingi aliyeivaa alikuwa mshambuliaji aliyekosa nafasi, au kiungo aliyetoka kuugua, au, siku moja ya mvua, kipa wa akiba. Watu wakifika kwenye jezi hiyo walikuwa wakisema "Pole" kisha wakaendelea na safari zao. Walijua kosa si la mvaaji. Kosa lilikuwa la viongozi, ambao kila dirisha la usajili likifunguliwa walirudi na washambuliaji, na viongozi hawana jezi ya kuanikwa.

Hapa lazima nimlete wifi yangu, yaani mke wa Mzee Vibanio, maana bila yeye habari hii haikamiliki. Yeye ni fundi cherehani, na kwa kuujua mpira hakuna kocha kati ya wale ishirini na watatu ninayeweza kumweka juu yake. Walifahamiana hapahapa jukwaani, yeye akiwa shabiki mwenye sauti na mwenzake akiwa kijana anayebeba chupa za maji. Kwa miaka mingi kaka yangu alifanya kazi pembeni ya uwanja huku akimsikia mkewe nyuma yake akimsahihisha refa, kocha na kamati nzima. Kaka mwenyewe ni mtu wa kumeza maneno. Aliniambia siku moja kwamba wifi ndiye anayesema kwa niaba yake.

Misimu minane iliyopita sauti hiyo iliondoka. Siku hiyo tulifungwa mabao matano, na yote matano yalipita upande wa kushoto, alikokuwa amesimamishwa mmoja wa washambuliaji wetu sita. Dakika ya sabini wifi alisimama, akakunja mwavuli wake, akateremka ngazi hadi mbele ya viti vya viongozi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Hakufoka wala hakutukana. "Mna washambuliaji sita na kushoto hakuna mtu," alisema. "Nyumba haina mlango, ninyi mnanunua mapazia. Siku mkipata beki wa kushoto mtaniita." Akatoka kwa lango langu, na hakurudi.

Watu walidhani ni hasira za siku mbili. Wifi si mtu wa siku mbili. Kila siku ya mechi jioni, kaka yangu akifika nyumbani na mfuko wa jezi begani, mkewe alimwuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mmepata?" naye akajibu, "Bado." Mara mbili klabu ilitangaza kwa mbwembwe kwamba imempata beki wa kushoto. Wa kwanza alikuwa anatumia mguu wa kulia, jambo ambalo kamati ililigundua siku ya mazoezi. Wa pili alikuwa wa kushoto kweli, lakini alicheza nusu saa akaomba kukaa. Baada ya hao wifi aliacha kuamini matangazo yetu. Kaka yangu hakuwahi kumlaumu, wala hakuwahi kuilaumu klabu, ila nilikuwa namwona kabla ya kila mechi akigeuka na kutazama jukwaani, kisha akarudi kupanga chupa zake. Ilinisikitisha, nami nasema wazi kwamba nilikuwa upande wa wifi.

Sasa tufike mwaka huu. Mwezi wa pili, kwenye kikao cha Jumapili, mwenyekiti alijimwagia chai kwenye koti lake la kijivu akalipeleka stoo. Jumatatu asubuhi jezi zikaanikwa kama kawaida. Namba tatu ilikuwa imechanika na haikuwapo, na kwenye nafasi yake, katikati ya namba mbili na namba nne, likawa linaning'inia koti la mwenyekiti. Mzee Vibanio anaapa hadi leo kwamba ilikuwa bahati mbaya, kamba ilikuwa na nafasi naye akaijaza. Ninamheshimu sana kaka yangu, kwa hiyo nitaishia hapo.

Habari zilienea kabla chai ya saa nne haijachemka. Foleni ilipita duka la mikate ikafika kona ya duka la dawa. Muuza nyama alikuja na aproni yake, akasahau kabisa ugomvi wa namba kumi. "Miaka yote nawasema watoto wa watu," aliliambia koti, "kumbe mwenye kusemwa ni wewe!" Mwalimu wa hesabu alikuja na karatasi. "Hesabu yangu ni fupi. Msimu huu umeleta washambuliaji saba, na mabao tuliyofunga ni sita. Naomba unionyeshe yule mmoja alikopotelea." Bibi wa posta alisubiri zamu yake, akasimama mbele ya koti muda mrefu sana, akasema maneno mawili tu: "Wewe! Umenizeesha." Kisha akabeba kigoda chake akaenda.

Ofisi ya mwenyekiti ina dirisha linalotazama yadi hiyo. Alikuwa amelifungua ili amwite mtu amletee koti, akasikia, akabaki nyuma ya pazia hadi saa ya chakula cha mchana. Sitii chumvi, karani aliyempelekea barua alimkuta hapo na akatoka kwa kunyata. Jioni mwenyekiti aliteremka mwenyewe kulichukua koti lake. Mzee Vibanio alimkabidhi likiwa limenyooshwa vizuri, akamtajia kwa utulivu ujumbe wote uliokuja, mmoja baada ya mwingine, kama anavyowafanyia wachezaji. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akavaa koti, akapanda ngazi.

Mwezi wa nne karani wa utumishi alimpelekea mstaafu wetu fomu za kawaida. Ukurasa wa mwisho una mstari unaouliza mstaafu angependa zawadi gani. Waliomtangulia waliandika saa ya ukutani, godoro, baiskeli. Mzee Vibanio aliandika kwa mwandiko wake wa pole pole: "Beki wa kushoto." Karani akadhani ni mzaha, akairudisha fomu ili ijazwe upya. Ilirudi na maneno yaleyale, na chini yake ameongeza, "Si lazima awe mpya."

Fomu hiyo ilisomwa kwenye kikao cha kamati ya usajili, na wajumbe walivunjika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu. Akasema mtu huyu hajawahi kuiomba klabu hii kitu tangu aingie, na akaagiza aitwe kwenye kikao kijacho aeleze alichokusudia. Kwa taarifa ya wasomaji, ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa stoo kukalishwa kwenye meza hiyo. Hata mimi nimeingia chumba hicho mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwa kuitwa kujieleza.

Siku ya kikao kamati ilikuwa na orodha ya majina manne ya kusajiliwa msimu ujao. Nadhani mmeshabuni walikuwa wa nafasi gani. Mzee Vibanio aliingia na mfuko wa plastiki, akasalimia, akatoa bukta mbili ambazo hazijafuliwa akazitandaza juu ya orodha hiyo. Katibu alivuta karatasi zake upesi. Bukta ya kwanza ilikuwa ya mmoja wa washambuliaji wetu, imetoka mazoezini asubuhi hiyo, na ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuikunja na kuirudisha rafuni. Bukta ya pili ilikuwa imejaa tope upande mmoja, kuanzia nyonga ya kushoto hadi chini.

Akaeleza kwamba mwenye bukta ya pili humletea tope la namna hiyo kila siku ya mazoezi, miaka miwili sasa. Mtu hachafuki hivyo kwa kusubiri pasi. Anachafuka kwa kujitupa chini kuzuia watu wanaopita pembeni. Kisha akatoa njumu mbili za mchezaji huyohuyo, ya kulia ikiwa bado ina uzima wake na ya kushoto imelika ncha. Kocha wetu wa sasa, wa ishirini na tatu, aliichukua bukta ile kwa mikono miwili akaigeuza huku na huku. "Hii ya nani?" akauliza. Mzee Vibanio akajibu, "Ya Benchi."

Benchi ni jina ambalo mashabiki walimpa mshambuliaji wetu wa tano, kwa sababu katika misimu miwili alikuwa amecheza dakika kumi na moja. Mazoezini, kwa kuwa washambuliaji walikuwa wengi kuliko kazi, alikuwa akipelekwa kila siku kujaza pengo kwa mabeki wa kikosi cha pili, upande wa kushoto, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mwenyekiti alimwuliza Mzee Vibanio kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba alisema. Kocha wa ishirini na moja alimwambia aendelee kufua. Kocha wa ishirini na mbili alikubali kumjaribu Benchi siku ya Alhamisi, na Ijumaa akafukuzwa kazi. Kwa mara ya kwanza orodha ya washambuliaji ilifungwa bila kupigiwa kura.

Benchi alifanyishwa mazoezi kama beki wa kikosi cha kwanza kwa wiki mbili. Jumatano ya wiki ya mechi ya mwisho kaka yangu alifika nyumbani, akaulizwa lile swali lake, na kwa mara ya kwanza katika misimu minane akajibu, "Tumepata." Cherehani ikasimama. Wifi akauliza ni nani. Alipoambiwa ni Benchi, alimtazama mumewe. "Yule mshambuliaji?" akasema. "Mume wangu, na wewe wameshakuingiza kwenye kamati?" Akaendelea kushona. Kaka yangu alinisimulia haya kesho yake akijaribu kucheka, na hakuweza.

Mechi ya Jumamosi haikuwa na maana yoyote kwenye msimamo. Tulikuwa tumeshajihakikishia nafasi ya tatu kutoka mwisho. Hatushuki wala hatupandi. Lakini ilikuwa mechi yake ya mwisho kazini, na sote tulijua anachokitaka. Saa moja kabla ya mpira kuanza alikuja dirishani kwangu, jambo ambalo hafanyi kamwe siku ya mechi. Akauliza, "Amepita?" Nikamwambia bado. Nusu saa baadaye akaja tena. Nikamwambia bado. Mara ya tatu hakuuliza. Alinitazama tu kutoka mbali, nikatikisa kichwa, akageuka akaenda kubeba begi la mipira.

Dakika ya kumi na nane, barabara ikiwa tupu na mimi nimeanza kufunga hesabu za siku, nikasikia mtu anagonga kioo kwa ncha ya mwavuli. Wifi alitaka tiketi moja, kiti cha karibu na mlango, ili akiona upuuzi atoke bila kusumbua watu. Nilimpa. Nilifunga dirisha kabla ya wakati, jambo ambalo mwenyekiti analisoma hapa kwa mara ya kwanza, nikamfuata.

Alikaa kimya hadi mapumziko. Winga wao, kijana mwenye mbio za kutisha, alijaribu kupita kushoto mara saba. Mara saba Benchi alijitupa chini, mpira ukatoka nje, na bukta yake ikawa kama niliyoisimulia hapo juu. Watu wa jukwaa walianza kutazamana, kwa kuwa hawakuzoea kuona mpira ukikataliwa upande ule. Muuza nyama alinong'ona kwamba asiamshwe, anaota. Wifi hakupiga makofi wala hakutikisika. Macho yake yalikuwa kwa namba tatu tu. Kule chini kaka yangu alikuwa na kazi nyingi na alikuwa ameshakata tamaa. Hakugeuka tena kutazama jukwaani, kwa hiyo hakujua kwamba mkewe amekuja.

Dakika ya themanini na moja walipiga shuti jepesi kabisa, katikati ya goli, mpira wa kupokea kwa mkono mmoja huku unajikuna kwa mwingine. Kipa wetu aliudaka, akautazama, akauachia, ukampita katikati ya miguu. Uwanja ulikaa kimya. Ni kimya ninachokijua vizuri, cha watu ambao hawashangai tena.

Ndipo wifi akasimama.

"Viongozi!" alisema, na sauti ikajaa uwanja mzima. "Kushoto nimeona, nawapa haki yenu. Haya, na huyo kipa mlimtoa wapi? Mlimwona akidaka, au mlipigiwa simu? Mmeweka mlango, sasa paa liko wapi?"

Jukwaa lote lilisimama pamoja naye. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakapaza sauti juu ya kipa, juu ya viungo, juu ya kamati, juu ya miaka yote. Mwenyekiti, alipokuwa amekaa, alitoa kalamu akaandika. Na kule pembeni ya uwanja Mzee Vibanio aliweka chini chupa zake, akajifunika uso kwa taulo. Kocha alimshika bega akamwambia ajikaze, bao moja si mwisho wa dunia. Kaka yangu akashusha taulo, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika misimu minane kumsikia mkewe nyuma yake. Mechi iliisha moja bila, tukiwa tumefungwa, na sijawahi kumwona mtu aliyefungwa akiwa na furaha kiasi kile.

Mzee Vibanio, kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru. Asante kwa jezi safi tulizovaa siku ambazo hatukuwa na kingine cha kujivunia. Asante kwa kuwasikiliza watu wakati wenye kazi ya kusikiliza walikuwa wametia pamba masikioni, na kwa kutufikishia maneno yao bila kuyapunguza wala kuyaongezea chumvi. Stoo itamkosa mtu wake, na mimi nitakosa kaka wa kunywa naye chai juu ya mashine mbovu.

Tunakutakia siha njema, usingizi mrefu wa Jumatatu asubuhi, na Jumamosi nyingi za kukaa kwenye kiti ukatazama mpira hadi mwisho bila kubeba kitu. Pamoja na cheti chako Ijumaa utapokea bahasha mbili. Ya kwanza ni yako. Ya pili umpelekee wifi. Imeandikwa kwa mkono wa mwenyekiti mwenyewe, na inasema kamati ya usajili inakaa Jumanne saa nne asubuhi kuzungumzia kipa, na kwamba hawataanza mpaka afike.